Ugomvi wa Ishirini na Tatu

Waumini walipohamia kanisa jipya kule juu, walichukua kila kitu kilichoweza kupita mlangoni. Walibeba mabenchi, kinanda, vinara vya mishumaa, hata bawaba za kabati la mavazi. Birika la ubatizo liliwashinda. Ni jiwe moja lililochongwa, pana kuliko mlango, na inaonekana waliojenga walilitua kwanza, kisha wakainua kuta kulizunguka. Waliacha pia mimbari iliyoliwa na mchwa, ubao wa kupangia namba za nyimbo, na benchi moja lililokatika mguu. Na walimwacha Bibi Funguo.

Bibi huyu alikuwa amefagia kanisa lile miaka arobaini. "Mimi sihami," aliwaambia. "Huko juu mmeweka vigae vinavyong'aa kama kioo. Nianguke nivunje nyonga, halafu mje kunizika kwa nyimbo? Hapana." Kamati ikaona heri abaki alinde jengo. Ndiye niliyemwendea nilipokuwa natafuta mahali pa kufundishia ngumi. Alinizungusha ndani, akanionyesha panapovuja, kisha akanipa ufunguo mrefu kama mwiko.

"Pigeni mnavyotaka," alisema. "Hata wanakwaya walikuwa wanapigana humu, tena kwa kucha. Ila asife mtu. Siku mtu akifia humu, ufunguo unarudi siku hiyo hiyo, wala usije kunieleza habari za bahati mbaya."

Nilikubali. Nilijenga ulingo palipokuwa na madhabahu, kwa sababu pale sakafu imeinuka na watu wanaona vizuri. Magunia ya mchanga nikayaning'iniza kwenye boriti. Dirisha la vioo vya rangi lilikuwa bado zima, na ikifika saa tisa alasiri jua hupita pale na kumwaga wekundu na buluu juu ya turubai, hata huwezi kujua mara moja ipi ni damu na upi ni mwanga.

Sikukusudia kumaliza magomvi ya watu. Siku moja maseremala wawili waliingia wakifukuzana, kila mmoja na patasi mkononi, na mmoja alikuwa tayari amechanwa shavu mpaka meno yanaonekana. Wanafunzi wangu waliwanyang'anya patasi. Nikaona nikiwatoa hivi hivi watamalizana kwenye kona ya kwanza. Nikawafunga bendeji mikononi, nikawapa raundi tatu. Walipigana mpaka wakabaki wameegemeana kama watu walioko msibani. Bomba la nje lilikuwa limekauka, na maji pekee yalikuwa yale ya kudekia niliyoyahifadhi kwenye birika la ubatizo. Wakanawa humo wote wawili, paji kwa paji. Mmoja akasema, "Nipe sabuni." Mwenzake akampa. Nikajua yamekwisha.

Ukawa utaratibu wa kila Jumamosi saa tisa. Wagomvi wanapigana kwa bendeji tu, bila glavu, kwa sababu glavu humwezesha mtu kupiga saa nzima bila kuumia, lakini ngumi tupu humrudishia mpigaji sehemu ya maumivu na hasira huisha mapema. Bendeji kila mtu anakuja nazo, zimetengenezwa na watu wa nyumbani kwake, asije akasema Kocha amempendelea mwenzake. Mimi nazikagua na kuzifunga. Zikishafungwa, kila mmoja anachovya mikono ndani ya birika mbele ya watu wote, nikihesabu mpaka thelathini. Hilo niliongeza baada ya mtu mmoja kujipaka pilipili. Maji yanaondoa pilipili, yanaondoa mafuta, yanaondoa kila ujanja. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Bendeji haifunguliwi tena mpaka mwisho, wakati wa kunawa pamoja. Na mtu akishanawa, neno lile halifufuliwi tena, si na yeye wala na nduguze. Bibi Funguo naye hubadili namba kwenye ubao wa nyimbo, moja kwa kila ugomvi uliokwisha.

Ubao ulikuwa umefika ishirini na mbili. Mtaa wetu ulikuwa mtaa wa visu, na visu vilikuwa vimepungua. Nilikuwa na haki ya kujisikia vizuri, nadhani.

Wa ishirini na tatu uliletwa na fundi wa dari. Kazi yake ni kupamba dari za nyumba za watu kwa jasi, ule unga mweupe unaokorogwa kwa maji na baada ya dakika chache huwa jiwe. Nyusi nyeupe, kope nyeupe, nguo nyeupe; mtaa mzima ulimwita Mzuka. Siku hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa na nyuzi kumi na moja, kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko. Alikuja na mdogo wake wa kike, ambaye ndiye humkorogea jasi na kuimimina kwenye kalibu za kutolea maua ya dari.

"Kocha, nataka Jumamosi."

"Na nani?"

"Shemeji yangu. Bucha."

Bucha nilimjua, kila mtu alimjua. Ni mume wa dada huyu, muuza nyama wa sokoni, mtu wa vicheko. Nikamwuliza Mzuka maswali yangu, kama ninavyomwuliza kila mtu. Umekosewa nini? Akasema Bucha amempiga dada yake kwa viganja viwili, masikio yote mara moja, mpaka ngoma ya sikio la kushoto ikapasuka. Kisha akamsukuma kwa goti, na mimba ya miezi mitano ikatoka. Kituoni Bucha alisema mkewe ameanguka kwenye ngazi, na kaka zake wawili wakaapa hivyo hivyo. Mzuka alipomfuata sokoni kumwuliza, akachanwa mkono kwa kisu cha kuchunia.

"Ukishanawa, utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

Dada yake alikuwa amesimama kwenye nguzo ya mlango, amegeuza uso kidogo ili sikio la kulia lituelekee. "Na mimi, Kocha," alisema, "mimi nanawa wapi?"

Nilidhani ni maneno ya mtu mwenye uchungu tu. "Dada, wanaonawa ni wanaopigana. Wewe utakaa kule juu kwenye roshani ya kwaya. Utaona vizuri."

"Kuona naona. Kusikia ndiko shida. Hakuna atakayemwambia aseme alichofanya?"

"Hapa hatuulizi nani mkweli. Hapa tunamaliza."

Jibu hilo nililipenda wakati ule. Yeye alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na kuamua kwenda kwingine.

"Basi nitashona bendeji za kaka," alisema.

"Hiyo ni haki yako."

Nikaenda kwa Bucha. Nilimkuta akipasua ubavu wa ng'ombe juu ya gogo, na hakuacha kupasua tuliposalimiana. "Mzuka anataka kupigana na mimi?" alicheka mpaka wateja nao wakacheka. "Mwambie aje na sepetu, azikwe papo hapo, asisumbue watu kumbeba." Shoka likashuka, mfupa ukaruka. "Sawa, Kocha. Jumamosi."

Kaka yake mkubwa alinisindikiza mpaka nje, akifuta kisu kwenye aproni. Si mtu wa vicheko yule. "Nimemwapia baba yetu kwamba shemeji alianguka," aliniambia. "Mdogo wangu aliniambia ameanguka, na mimi nikaapa. Tangu hapo watu wananitazama vibaya. Yaishe, Kocha."

"Yataisha."

Jumamosi watu walijaa. Wengine walikaa chini, wengine walipanda mimbari mpaka Bibi Funguo akawafukuza kwa ufagio: "Shukeni! Mchwa wenyewe hapo wanakaa kwa zamu." Bibi alikaa kwenye benchi la miguu mitatu na ile kengele ndogo ya zamani ya madhabahuni, maana ndiyo inayoanza na kumaliza raundi. Kaka wawili wa Bucha walisimama karibu na birika, bado na aproni, mkubwa na shoka lake la nyama kiunoni, wametoka kazini moja kwa moja. Dada alikuwa kule juu roshani, peke yake.

Nilikagua bendeji za Bucha, nikamfunga. Nikachukua za Mzuka.

"Nene hizi," nilisema.

"Shuka la zamani," dada yake alijibu kutoka juu. "Nimekunja mara mbili nikashona. Mkono wake una nyuzi, usije ukafumuka."

Kweli ilikuwa imeshonwa vizuri, vijumba vidogo vidogo vya mraba, mshono wa mtu mwenye subira. Niliivuta, nikaisugua, nikainusa. Ilinukia vumbi la kazi na iliacha weupe kwenye vidole vyangu. Lakini huyu ni mtu ambaye ukimshika bega tu unaondoka na weupe. Angekuwa fundi viatu au mwuza samaki ningeikung'uta dirishani na kujua mara moja. Nilimfunga mikono yote miwili, nikakaza.

Bucha alichovya kwanza. "Nabatizwa mara ya pili," alisema, "ya kwanza haikushika." Watu wakacheka. Kisha Mzuka akachovya. Nilipofika ishirini aliinua kichwa ghafla kama mtu aliyeitwa jina, akatazama roshani. Dada yake alimtazama vilevile. Maji yalikuwa na ukungu mweupe. Nikajisemea, si ndiye Mzuka. Nikamaliza thelathini. Akatoa mikono ikidondosha maji na akapanda ulingoni.

Kengele ikalia.

Nimeona watu wengi wakipigwa, lakini sijapata kuona mtu akipigwa vile na mikono yake ikiwa chini. Bucha alimpiga pua kwanza, ikapinda na kububujika. Akampiga mbavu, kushoto, kulia, kushoto, kama anayelainisha nyama. Mzuka alirudi nyuma kuzunguka kamba, mikono imebana mapajani, ngumi zimefumbwa. Alipigwa mdomo, jino likatoka likaanguka kwenye doa la buluu la dirisha. Alipigwa sikio, akayumba. Bucha aliukamata mkono ule wenye nyuzi na kuupiga kwa kiwiko, makusudi, nikamkemea, akaniomba radhi huku anacheka. Nyuzi zilifumuka, damu ikaingia kwenye bendeji.

"Mzuka, piga!" watu walipiga kelele. "Umekuja kupigwa picha?"

Kengele ilipolia nilimfuata kwenye kona yake. "Piga, au sema umeshindwa."

"Kocha," alisema, na damu ikamtoka na neno, "nifungue bendeji."

"Bendeji haifunguliwi kabla ya kunawa. Unajua."

"Zinanibana."

"Zinambana kila mtu."

Nilimshika mkono. Bendeji ilikuwa ya moto. Nilidhani ni damu, ni uvimbe. Miaka yote hiyo nilikuwa najua kazi ya fundi huyu, na nilikuwa nimeona jasi ikifuka joto kwenye ndoo inapoanza kukamata. Sikuunganisha. Kanuni nilizozitunga mwenyewe zilikuwa zimenikaa kichwani kuliko kitu nilichokuwa nimekishika mkononi.

"Nifungue, Kocha. Tafadhali."

"Raundi mbili tu," nikamwambia. "Vumilia."

Akanitazama. Sijui alikuwa anafikiri nini, na sitajifanya najua. Kengele ikalia.

Bucha alikuja akiwa na raha zake. Aligusisha ngumi mbili kwenye paji la Mzuka, kumchokoza, kisha akainama karibu na sikio lake. Mimi nilikuwa hatua moja pembeni. Alisema kwa sauti ya chini, karibu kwa upole:

"Dada yako naye alisimama hivi hivi. Mikono chini."

Mkono wa Mzuka ulipanda kutoka pajani. Haukupanda haraka. Ulimpata Bucha chini ya taya upande wa kushoto, na sauti iliyotoka haikuwa ya nyama juu ya nyama. Ilikuwa sauti ya nyundo juu ya kigingi. Taya lilihama. Nililiona likihama, likabaki upande. Bucha hakuanguka mara moja. Alisimama na uso wa mtu aliyesahau alichotaka kununua. Mzuka akampiga jicho. Akampiga ubavu, tukasikia ubavu. Bucha akapiga magoti na Mzuka akampiga akiwa magotini, juu ya kichwa, na ngozi ikafunguka kama mfuko wa karatasi.

"Kengele!" nilipiga kelele. Bibi Funguo alikuwa tayari anailiza mfululizo. Nikaingia kati yao. Ngumi iliyokuwa inamwendea Bucha niliikinga kwa mkono wangu wa kulia, kama nilivyokinga ngumi elfu nyingine, na mkono wangu ukavunjika katikati. Niliuona umepinda mahali pasipo na kiungo. Nikamkumbatia Mzuka kwa ule mmoja, tukaanguka naye. Hakupigana na mimi. Alikuwa analia, na alikuwa anajaribu kufumbua vidole vyake na vidole havifumbuki.

Kaka wawili wa Bucha walikuwa wameshakata kamba na kupanda. Yule mkubwa alimnyanyua Mzuka kwa nywele, akamshika ngumi, akaigonga kwa mpini wa shoka lake la nyama. Ko, ko.

"Jiwe," alisema. Kisha akawageukia watu wote. "Mdogo wangu amepigwa kwa jiwe! Nyumba ya Kocha, mbele ya macho ya Kocha!"

Walimburuta mpaka kwenye birika. Nafikiri hata wao hawakuchagua. Ukingo wa birika ni kimo cha gogo la nyama, na mikono yao ilikuwa imezoea. Mmoja alimkandamiza shingo, mkubwa akazilaza zile ngumi mbili juu ya ukingo, zikiwa nyeupe na nyekundu. Mzuka hakuweza hata kung'ang'ania jiwe. Wanafunzi wangu walisogea, shoka likawaelekea, wakarudi nyuma.

"Asife mtu humu," nilisema. Nilikuwa nimekaa chini nimeshika mkono wangu, na sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba maji.

"Hafi," kaka mkubwa alijibu bila kunitazama. "Mtu hafi kwa kukosa mikono."

"Humu ndani?" Bibi Funguo alisimama. "We mtoto, mimi nilikushikia taulo siku unabatizwa kwenye hilo jiwe. Ulinikojolea. Leo unataka kuchinjia hapo?"

Shoka lilibaki juu. Halikushuka wala halikurudi.

Dada alikuwa ameshateremka ngazi za roshani. Watu walimpisha. Alikwenda mpaka kwenye birika, akasimama upande ambao sikio lake zima lilimwelekea kaka mkubwa, akalaza mikono yake miwili juu ya ukingo, kando ya ile ya kaka yake.

"Shemeji, hiyo kazi ni yangu," alisema. "Kaka alichovya tu, hakujua. Mimi nimekoroga jasi miaka tisa, najua kipimo. Nimeshona unga ndani, kijumba kwa kijumba. Maji mmempa wenyewe. Ukikata, anzia hapa."

"Wewe!"

"Lakini kabla hujakata, mwulize mdogo wako."

"Nimemwuliza zamani. Ulianguka."

"Mwulize sasa. Mbele ya watu. Ndicho nilichokuwa nataka tangu mwanzo. Aseme."

Kuna kanuni moja sijaieleza, kwa sababu hatukuwahi kuisema; ilikuwa inaeleweka. Maneno ya ulingoni mwamuzi hayatoi nje. Watu wakipigana husema mambo, na nilikuwa nimezika mengi. Nilitazama mikono minne juu ya jiwe lile.

"Amesema," nikasema. "Raundi ya pili. Nimesikia kwa masikio yangu. Amemwambia, dada yako naye alisimama hivi hivi, mikono chini."

Kaka mkubwa alishusha shoka polepole, akamwendea Bucha, aliyekuwa ameketi ameegemea nguzo ya ulingo. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na uvimbe. Taya lilining'inia upande, na mate na damu vilishuka kifuani kama uzi. Alijaribu kusema, na kilichotoka kilikuwa mlio tu na jino. Hapo ndipo nilipomwona dada akifumba macho. Alikuwa ametaka jambo moja tu kwa mtu yule, aseme, na jasi yake mwenyewe ndiyo iliyomnyamazisha.

Kaka mkubwa alichuchumaa. "Nitazame. Alianguka, au hakuanguka? Tikisa kichwa tu."

Bucha alimtazama muda mrefu. Akamtazama mkewe. Kisha akainua mikono yote miwili, bendeji zikining'inia, akajipiga viganja kwenye masikio yake, yote mawili mara moja. Paa. Akajipiga tena, kwa nguvu zaidi, mpaka kichwa kikatikisika. Akashusha mkono mmoja, akainua goti, akaligusa.

Hakuna mtu aliyemfundisha pale. Mimi niliijua habari ile kwa Mzuka tangu siku alipokuja, na sikuwa nimemwambia mtu.

Kaka mkubwa alisimama. Alirudi kwenye birika na shoka, na watu wakapiga ukelele, na shoka likashuka kwa mikono miwili. Lilipiga ukingo mtupu, shubiri moja kutoka vidole vya dada. Kipande cha jiwe kiliruka kikampasua paji mwenye shoka mwenyewe. Hakukifuta. "Nilimwapia baba," alisema. "Nilishika mkono wa baba nikamwapia."

Bucha alikuwa anatambaa. Nilidhani anatafuta mlango, lakini alikuwa anakuja kwenye birika. Alijivuta mpaka akashika ukingo, akainua mkono wake wenye damu kuupeleka kwenye maji. Alitaka kunawa. Alizijua kanuni kama wote. Akishanawa, yamekwisha, halifufuliwi popote.

Dada alitumbukiza mkono mpaka begani, akavuta kizibo.

"Hapana," alisema. "Hunawi."

Maji yale meupe yalishuka kwa kelele ya koo. Vidole vya Bucha viliyafuata mpaka chini, vikabaki vimekwama kwenye matope ya jasi. Kaka yake mkubwa alimshika ukosi, akamgeuza, akampiga kofi juu ya taya lile lile. Bucha alizimia bila hata kulia. Kisha kaka huyo huyo akamnyanyua, akambeba begani kama anavyobeba nusu ya ng'ombe, na yule kaka mwingine akawafungulia mlango. Walikwenda hospitali. Siku ya pili yake, kaka mkubwa alikwenda kituoni peke yake akafuta kiapo chake.

Tulipobaki wachache, nilichukua tindo na nyundo. Mkono wangu wa kulia Bibi Funguo alikuwa ameufunga kwa kipande cha ubao na kanga yake. Mzuka aliweka ngumi palepale ukingoni, na mimi nikagonga kwa mkono wa kushoto, vibaya, nikimwumiza, mpaka jasi ikapasuka. Ilitoka vipande vikubwa. Ndani ya kila kipande kulikuwa na alama ya vifundo vyake, na nywele, na damu. Vidole viwili vya kulia vilikuwa vimevunjika. Alipoweza kufumbua mkono wa kushoto, kitu cha kwanza alichofanya ni kumshika dada yake bega.

"Ungeniambia," alimwambia.

"Ungekataa, kaka."

"Ningekataa."

"Haya basi."

Bibi Funguo alinyoosha mkono, nikampa ufunguo bila kuulizwa. Alikaa nao siku kumi na sita, mpaka habari ikaja kwamba Bucha amefungwa taya kwa waya na atanywa uji miezi miwili, ila ataishi, na kesi yake imepangwa kusikilizwa. Akanirudishia. "Fundisha watu ngumi," alisema. "Mengine nenda kayafikirie kwanza."

Lakini siku ile, kabla hatujafunga mlango, alikuwa amesimama chini ya ubao wa nyimbo na kibao cha namba tatu mkononi. "Kocha, nibadili?"

Nilimtazama dada. Alikuwa anamtolea kaka yake punje za jasi katikati ya vidole kwa ncha ya sindano, na sidhani alisikia, kwa sababu tulikuwa upande wake wa kushoto. Bibi alikirudisha kibao kwenye sanduku.

Birika limekaa kavu tangu hapo. Kizibo aliondoka nacho dada, na mimi sijakwenda kumwomba.